Udongo wa Chini ya Kiwiko

Meno yangu mawili ya mbele yalichongwa na mzee mmoja kule Nuu, Kitui, kwa patasi ndogo na jiwe, mimi nikiwa nimelala chali na kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mjomba wangu. Siku hizo bado ilikuwa hivyo. Kijana wa Kikamba aliyekuwa na meno bapa hakutazamwa na wasichana mara ya pili, na mimi nilitaka sana kutazamwa mara ya pili. Yule mzee alikuwa na mkono mzuri ila alikuwa na kikohozi, na kila alipokohoa mjomba alimwambia, "Maliza kukohoa kwanza, baba. Hicho ni kinywa cha mtu, si mzinga wa nyuki."

Alipomaliza nilipewa bonge la udongo wa chumvi, ule wanaoulamba mbuzi, limechanganywa na jivu, nikaambiwa nilishike mdomoni mpaka damu ikauke na nisimeze. Nilimeza. Sijui kama nilimeza kwa ukaidi au kwa njaa. Nakumbuka tu kwamba ulikuwa mtamu, na kwamba mjomba alicheka akasema huyu amezaliwa mbuzi.

Na meno hayo nikapelekwa shule. Mwalimu alikuwa mtu wa misheni, akasema mtoto wa Mungu hachongwi kama mkuki, na tangu hapo watoto wakaniita Mkuki. Nilivumilia hadi darasa la tatu. Shule sikuipenda na yenyewe haikunipenda, tukaachana bila matusi. Nikarudi kwa mbuzi.

Sasa mbuzi wa Nuu hawawezi kukaa bila chumvi, na chumvi yao ni udongo wa kwenye kingo za mito iliyokauka. Lakini si kila udongo. Uko unaowanenepesha na uko unaowaharisha mpaka wanakufa wamesimama. Mchungaji ndiye anayeonja kwanza. Wengine walionja wakatema. Mimi nilionja nikakaa nao ulimini, nikajua huu una magadi, huu una majani yaliyooza, huu ng'ombe walilala juu yake zamani. Watu wakaanza kuniita nije niwaonjee. Sikuwa na kazi nyingine niliyoijua vizuri kuliko hiyo, na hata leo sina.

Basi ukame mmoja ulipomaliza mbuzi wetu wakabaki saba, nilimwachia mke wangu hao saba nikaenda kutafuta kazi Mbooni. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Niliambiwa kule kwenye milima kuna baridi, kuna matunda na kuna watu wanaolipa vibarua. Yote yalikuwa kweli. Hawakuniambia tu kwamba mashamba yamesimama wima. Mbooni mtu akidondosha kiazi kwake anakiokota kwa jirani. Siku ya kwanza nilitembea nikishika majani, na akina mama waliobeba kuni walinipita wakicheka. "Huyu ni wa Kitui," wakasema, "mwacheni ajifunze kutembea." Kikamba changu pia waliona kinachekesha, ati nakivuta.

Mwenye shamba aliyenichukua alikuwa mpishi zamani. Alimpikia mzungu mmoja huko nyanda za juu miaka mingi, na mzungu yule alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia pipa la mbao, chupa tupu masanduku mawili, na vipande vya mizabibu vilivyofungwa kwenye gunia lenye maji. Wenzake waliachiwa baiskeli na makoti. Yeye aliachiwa vijiti, wakamcheka. Alivipanda kwenye matuta manne ya juu kabisa ya shamba la baba yake, na vilishika. Usoni watu walimwita Mzee. Nyuma ya mgongo walimwita Mpishi, na mimi pia.

Aliniuliza najua nini. Nikainama, nikachukua udongo wa tuta lake, nikauweka ulimini. Nikamwambia hapa uliweka mavi ya mbuzi yaliyokaa mwaka mmoja, na jivu la mkaratusi, na jivu ni jingi kupita kiasi. Alinitazama kama mtu aliyeokota saa barabarani.

"Nani alikwambia?"

"Udongo wako."

"Rudia hapo kwenye jivu."

Nikarudia. Akaniajiri siku hiyo hiyo.

Nitasema ukweli wake kwanza kabla sijafika kwenye uchafu wake. Mpishi aliijua kazi. Hakutia shamba dawa hata tone, wala mbolea ya gunia. Alisema zabibu ni mtoto anayenyonya, ukimlisha mama dawa, mtoto anakunywa dawa. Tulitumia mavi ya mbuzi, jivu, na maji ya pilipili kwa wadudu, na ndege niliwafukuza mwenyewe kwa kombeo kuanzia alfajiri. Tulichuma kwa mkono, shada moja moja. Tulikanyaga kwa miguu iliyosuguliwa na jiwe mpaka inawasha. Mvinyo wenyewe ulikuwa mwekundu wa kuelekea weusi, na ulikuwa kidogo. Mwaka mzuri chupa zilijaa chini ya kitanda chake na chini ya meza. Mwaka mbaya zilijaa chini ya kitanda tu.

Mara ya kwanza kuunywa nilitaka kutapika. Ulikausha ulimi kama ganda la ndizi mbichi. Sisi tumezoea kaluvu, pombe ya miwa iliyochachushwa kwa tunda kavu la mwatine, kinywaji kinachokupokea kama shemeji. Huu ulikupokea kama karani. Lakini Mpishi alinifundisha kuusubiri, na ukiusubiri, nyuma ya ukali ule unakuja ule udongo mwekundu wa juu, kama harufu ya matone ya kwanza ya mvua. Wasomi wataniambia zabibu haibebi ladha ya udongo. Sawa. Wao wana vitabu, mimi nina ulimi, tusigombane.

Na hapa niseme jambo lililonichukiza mapema, ingawa lilikuwa dogo. Chini ya Mpishi alilima mama mjane. Shamba lake lilikuwa kipande kimoja, pale mlima unapopumzika kidogo kabla haujashuka tena kwenye kijito, na ndicho kipande pekee alichoachiwa na marehemu mume wake. Mahindi, maharagwe, maboga pembeni. Mama huyo aliwahi kupika kaluvu apate karo, naibu wa chifu akaja na askari akamwaga mitungi yake mbele ya watoto wake, akampeleka kulala seli. Sheria ni sheria. Lakini naibu huyo huyo kila Jumamosi alikuwa kwenye kiti cha Mpishi, anazungusha glasi na kusema hii si pombe, hii ni kinywaji. Wazee wawili wa kanisa nao walikuja, wakitumia njia ya nyuma, wakiomba kidogo ya kifua. Kanisa lilikuwa limekataa mvinyo wake usitumike mezani pa Bwana kwa sababu umechacha. Vifua vyao havikuwa na shida na kuchacha.

Mimi nilikuwa nawamiminia. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliyesimama mbali.

Miaka kumi na kitu ikapita hivyo. Nilikwenda Nuu mara mbili kwa mwaka na kurudi. Mke wangu aliuliza kila mara tutakaa hivi mpaka lini, wewe mlimani na mimi na mbuzi. Nilikuwa na jibu lakini sikulitoa. Pembeni mwa shamba la Mpishi palikuwa na kona, ukubwa wa kujenga nyumba ya vyumba viwili na kupanda migomba mitatu. Mpishi alikuwa ameniambia siku moja, akiwa na glasi mkononi, "Hiyo kona naitazama, naiona kama yako." Hakusema zaidi. Lakini mtu wa Nuu ukimwonyesha kona yenye maji hapo karibu, halali vizuri tena.

Kisha Mpishi akafanya kosa lake. Matuta ya Mbooni yanashikwa na nyasi na mkonge, tunapanda kwenye ukingo ili udongo usikimbie. Kila mtoto wa mlima anajua hilo kabla hajajua kusoma. Mpishi akaingiwa na wazo kwamba nyasi zinakunywa ladha ya zabibu. Kwamba kila mzizi wa nyasi ni mdomo mwingine mezani. Akaamuru zing'olewe zote, na mkonge pia.

Nilimwambia, "Mzee, ukingo utabaki uchi."

"Unaonja wewe, hulimi," akasema. "Ng'oa."

Nikang'oa.

Mvua kubwa za mwaka uliofuata hazikuchelewa. Siku ya tatu ya mvua, mchana kweupe, tulisikia kama lori linamwaga kokoto, na matuta mawili ya chini yakateremka. Hayakuenda mbali. Yalikwenda kwa mama mjane. Mahindi yake yaliyofika magotini yakazikwa yote. Mpishi alisimama juu na mwavuli akatazama, akasema bahati mbaya. Hakushuka kumpa pole. Mama alikaa msimu mzima bila mavuno, kisha akaanza kuulima ule udongo uliomwangukia, maana angefanya nini, na msimu wa pili maharagwe yake yakawa mazuri kuliko ya mtu yeyote upande ule. Mavi ya mbuzi ya miaka kumi, jivu langu, majani ya zabibu yaliyooza, yote yalikuwa yamekwenda kwake. Nilifurahi, nisidanganye. Nilimwambia, "Mwaitu," yaani mama kwa Kikamba, "sasa na wewe unakula zabibu." Akasema, "Zabibu zilikula kwanza mahindi yangu, sasa tuko sawa."

Kwa Mpishi mambo hayakuwa sawa. Juu, mizizi ya mizabibu ilikuwa nje kama mishipa ya mzee. Mwaka wa tatu mvua ikakosekana, mwaka wa nne ikakosekana tena, na njaa ikaingia hata Mbooni, mahali ambapo watu walikuwa wanatucheka sisi wa Kitui kwa njaa zetu. Mizabibu ikaanza kukauka kuanzia ncha. Ndipo Mpishi akakumbuka udongo wake. Akaenda kwa naibu wa chifu akadai arudishiwe.

Kesi ilisikilizwa hapo hapo shambani kwa mama, asubuhi, wazee watano na naibu. Mama hakubisha kwamba udongo ulitoka juu. Alisema, "Aliyeuleta ni mvua, na mimi ulinizikia chakula. Lakini akitaka wake, achukue wake. Asiguse wa mume wangu." Hapo maneno yakakwama. Wake unaishia wapi, wa mume wako unaanzia wapi? Udongo ni mwekundu, na wa chini nao ni mwekundu.

Zamani jambo kama hilo lingekwisha kwa kiapo. Mwenye kudai angeweka udongo wa mpaka mdomoni, aseme neno lake, na kama amedanganya tumbo litamvimba. Lakini wazee hawa walikuwa watu wa kanisa, na kanisa limekataza viapo hivyo. Wakaangaliana. Mmoja wao, aliyekuwa mjuzi wa njia ya nyuma, akasema, "Si kuna huyu wa Nuu? Yeye anaonja tu. Kuonja si kuapa." Wote wakakubali haraka, kama watu waliopata mlango. Wakanipa udongo niuweke mdomoni niseme neno langu mbele ya mashahidi, na wakakubaliana kwamba hicho si kiapo.

Tulichimba shimo katikati ya shamba. Nikaingiza mkono, nikachota wa juu, nikaonja. Mavi ya mbuzi, jivu. Nikasema, "Huu ni wa juu." Nikachota chini zaidi. Bado. Nikafikisha mkono mpaka kiwiko na hapo nikaonja, na hapo ukabadilika. Ulikuwa baridi na mzito, una ng'ombe ndani yake. Palikuwa na boma hapo zamani, la baba mkwe wa yule mama pengine, ng'ombe walilala hapo miaka na miaka. Hakuna mbuzi hapo wala jivu. Mpaka ulikuwa kwenye kiwiko changu, dhahiri kuliko waya.

Mpishi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikohoa tu kidogo, kisha akamwambia naibu, kana kwamba wanaongea mambo mengine, kwamba fundi wa matofali anakuja wiki ijayo kwa ile kona.

"Eh?" naibu akaniuliza. "Hapo kwenye kiwiko?"

Nikasema, "Unaendelea."

"Unaendelea mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye jiwe."

Wazee wakatikisa vichwa, wakasema basi imekwisha. Mama hakulia wala hakutukana. Alinitazama mdomo.

Siku tatu nilikaa nikishika tumbo. Nilikuwa nimefika darasa la tatu, tena mtu wa kanisa, na bado nililishika. Nilipoamka asubuhi nililipapasa kwanza kabla ya kuvaa shati. Halikuvimba. Lilikuwa sawa kabisa, lilitaka chai. Naweza kusema hapo ndipo nilipoanza kujionea kinyaa, kwa sababu mwili wangu haukuona kwamba kuna jambo limetokea.

Kazi ya kubeba ikaanza. Sisi tuna mwethya, watu wa kijiji wanakusanyika kumlimia mmoja wao au kutengeneza matuta yake, leo kwako, kesho kwangu, na wanaimba. Mpishi aliita kazi yake mwethya, lakini haikuwa ya leo kwako kesho kwangu. Aliwapa akina mama mahindi ya manjano, yale ya msaada ambayo sijui aliyapata wapi kwa wingi ule, gorogoro moja, lile kopo la kupimia, jioni kwa kila aliyebeba siku nzima. Mahindi yenye harufu ya meli. Watu walikuwa na njaa, wakaja arobaini na zaidi. Walipanga mstari kutoka shambani kwa mama mpaka kwenye mizabibu, karai kichwani, wakipanda ile njia ya mbuzi. Siku ya kwanza waliimba. Siku ya pili mtu mmoja alianzisha wimbo, hakuna aliyempokea, akanyamaza.

Mimi nilisimama juu na gorogoro. Jioni ya siku ya tatu nikipima, uso mmoja mbele yangu ulikuwa wa yule mama mjane. Karai chini ya kwapa, udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi.

Nikasema, "Mwaitu, wewe huku?"

"Nipimie," akasema. "Nimebeba kama wengine."

"Umebeba wa kwako mwenyewe."

"Wa nani mwingine upo pale?"

Nyuma yake mama mmoja akacheka kicheko kibaya, cha njaa, akasema, "Afadhali yeye, anaujua uzito wake." Wengine wakamwambia nyamaza wewe.

Nikajaza gorogoro mpaka likapindukia, nikaongeza kwa kiganja. Yule mama akafuta ile nundu kwa mkono, ikarudi guniani.

"Gorogoro ni gorogoro," akasema. Kisha akaniinamia karibu, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo chake kimefunguka. "Ulipofika kwenye kiwiko ulikunja uso. Nilikuona. Mimi nimelima pale tangu niolewe, unafikiri siujui?"

Akaenda zake. Nikampimia aliyefuata. Na aliyefuata, na aliyefuata.

Walichimba wiki tatu. Walifika kwenye jiwe kama nilivyosema, jiwe jeupe lenye magamba, na mahali palipokuwa shamba pakawa kama mgongo wa mtu aliyekonda. Mpishi alirudishia nyasi kwenye kingo zake. Aliamuru zipandwe mistari miwili miwili, na mkonge juu yake. Alikuwa amejifunza.

Nilijaribu jambo moja, nalieleza ingawa halinipi sifa. Nilikwenda kwa naibu wa chifu, nyumbani kwake, nikamwambia nilidanganya. Kwamba mpaka ulikuwa kwenye kiwiko. Alikuwa ananyoa ndevu kwa kioo kilichotundikwa dirishani, hakugeuka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama mwenyewe."

"Yeye ni mwenye kesi, hawezi kuwa shahidi." Akasuuza wembe. "Sasa unataka nini? Udongo uko juu. Utaubeba wewe peke yako urudi nao chini?"

"Naweza kuanza."

Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayesikia mtoto anataka kwenda Mombasa kwa miguu. "Rudi ukajenge nyumba yako," akasema. "Nimesikia matofali yamefika."

Yalikuwa yamefika. Na nilijenga, hilo nalo nilieleze. Nilichimba msingi, nikaupandisha mpaka usawa wa goti. Nilikuwa najiambia kwamba nyumba haina kosa. Usiku nilipika ugali wa yale mahindi ya manjano na ulininukia mikono, nikaosha, bado. Mama mjane alianza kulima kwa jirani za mbali kwa kibarua. Kati ya mawe yake alipanda kunde, mbegu moja moja, akiichimbia kila mbegu shimo lake kwa kijiti na kuitilia kiganja cha udongo alioufagia njiani. Nilimwona kutoka juu kila asubuhi nikiwafukuza ndege. Anainuka, anainama, anainuka. Alikuwa anafagia ile njia tuliyopitisha karai, anaokota kile kilichomwagika.

Mvua ikarudi. Mizabibu ikashika tena, ikashika vibaya sana kwa uzuri, majani mapana kama sahani. Msimu wa pili tukapata mvinyo, na Mpishi alipofungua chupa ya kwanza na kuionja akasema katika maisha yake hajawahi. Akaalika watu. Walikuja Jumamosi kwa gari mbili kutoka Nairobi, wazungu watatu na Waafrika wawili wenye tai, watu wanaonunua vinywaji kwa ajili ya hoteli. Mpishi alivaa koti lake jeupe la zamani la upishi, likiwa limepigwa pasi. Naibu alikuwepo. Meza iliwekwa nje, juu ya tuta, kitambaa, glasi, na chini ya meza ndoo ya plastiki, ya bluu, mpya. Niliambiwa niiweke hapo. Sikujua ni ya nini, nikafikiri ni ya kunawia.

Mpishi akatoa hotuba yake. Hakuna dawa, hakuna mbolea ya gunia, chupa chache tu, kila kitu ni udongo. Akasema udongo huu una kitu cha pekee, umetoka chini sana, umelala miaka mingi ukisubiri. Akaniita. "Huyu ndiye ulimi wangu," akasema, wakapiga makofi kidogo wakitazama meno yangu.

Wakamimina. Wakazungusha, wakanusa, wakavuta mdomoni kwa sauti kama watu wanaokunywa uji wa moto. Na kisha, mmoja baada ya mwingine, wakainama chini ya meza wakatema ndani ya ile ndoo.

Mimi sikuwa najua. Baadaye nimeambiwa hivyo ndivyo wanavyofanya, wanaonja tu, wakimeza kila chupa watalewa. Nimeelewa. Lakini siku ile niliona watu watano wazima, walioshiba, wanachukua kitu kile mdomoni, wanakitafuta, wanakipata, na wanakitema, wanasogeza glasi waongezewe, na wanatema tena. Mate yao yalining'inia. Mwenye tai mmoja alifuta kidevu kwa kitambaa akasema, "Ina kitu chini. Kitu cha, sijui, cha wanyama."

"Ng'ombe," mzungu mmoja akasema, na wote wakakubali kwa furaha.

Mpishi akanisukumia glasi. "Waambie," akasema. "Waambie hiyo ladha inatoka wapi."

Nilikunywa. Sikutaka lakini mkono ulikuwa umezoea. Nikausubiri kama alivyonifundisha, na nyuma ya ukali haikuja harufu ya mvua. Kilikuja kitu baridi na kizito, na nilikitambua kama unavyomtambua mtu aliyekupa mgongo. Nilimeza. Sikuona njia ya kukitema.

"Eh?" Mpishi akasema. "Ulimi umelala?"

Naibu akacheka. "Mpe muda, watu wa Nuu wanafika polepole."

Chini, nyuma ya ukingo wenye nyasi mpya, nilisikia jembe likigonga jiwe. Likanyamaza, likagonga tena. Wageni walifikiri nini sijui. Hakuna aliyegeuka.

"Kamwage hiyo kwanza basi," Mpishi akaniambia kwa Kikamba, akionyesha ndoo kwa kidole cha mguu. "Ukirudi utakuwa umepata maneno."

Nikainyanyua. Ilikuwa imefika robo, nyekundu, na mapovu ya mate juu, na harufu yake ilinipanda mpaka machoni. Nilitembea nayo mpaka kwenye ua wa pembeni, nikaimwaga kwenye michongoma. Nilisikia Mpishi akiwaambia wageni hadithi ya mbuzi na chumvi, ile ambayo nilikuwa nimempa mimi, na wakicheka pale pale anapochekeshea. Nikaiweka ndoo chini, nikaigeuza mdomo chini ili inzi wasiingie. Nikaufungua mlango wa ua, nikatoka, nikaufunga. Njia iligawanyika hapo, ya kushoto inakwenda kwenye kona yangu, ya kulia inateremka barabarani. Nikashika ya kulia.

"We wa Nuu," Mpishi akaita, bado kwa sauti ya mtu aliye na wageni. "Glasi zinangoja."

Nilimsikia vizuri. Niliendelea kuteremka, na Mbooni sijarudi.